Ukifunga duka ng'ambo ya mpaka, utakaa kwa kibali gani?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa mpakani huzeeka njiani. Alianza na furushi moja la vitenge au gunia la dagaa, akapata kibanda, kibanda kikawa duka, na duka likamletea jirani, rafiki na shemeji upande wa pili wa mpaka. Watoto wamesomea huko, wengine wameoa au kuolewa huko. Miaka 20 ikipita, miguu inaanza kukataa safari za alfajiri. Mtu anajiambia atamkabidhi kijana wake funguo, kisha apumzike pale pale alipozoea.

Hapo ndipo linapojitokeza swali ambalo wengi hawajawahi kulifikiria: utapumzika kwa kibali gani?

Swali hili haliwahusu wenye magorofa peke yao. Linamhusu Mtanzania mwenye duka Namanga upande wa Kenya, Mganda mwenye stoo ya nafaka Busia, Mkenya aliyefungua biashara Mutukula, Mrundi anayeuza bidhaa Kigoma, na Mkongo wa Goma ambaye familia yake imehamia Gisenyi. Wote hao wamezoea kuvuka. Kuvuka na kukaa ni mambo mawili, na sheria huyaweka katika vitabu viwili.

Jibu kwa kifupi ni hili. Taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamlinda anayefanya kazi au biashara kuliko aliyeacha. Ukiacha biashara, sababu iliyokupa haki ya kukaa inaondoka nayo. Tena, milango ya kukaa moja kwa moja hufunguliwa kwa kuhesabu miaka uliyokaa kwa kibali. Miaka ya kuingia na kutoka kwa muhuri haihesabiwi. Kwa hiyo kibali cha uzeeni hutafutwa ukiwa bado unauza.

Soko la Pamoja linakupa nini, na linakunyima nini

Protokali ya Soko la Pamoja ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Wafanyabiashara wengi wanaijua kwa matunda yake: kuingia nchi jirani bila viza, na foleni kupungua pale ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja.

Ukiisoma kwa makini utaona imegawa haki kwa mafungu. Kifungu cha 7 kinahusu watu kusafiri kwa uhuru. Kifungu cha 10 kinahusu wafanyakazi. Kifungu cha 13 kinahusu haki ya kuanzisha shughuli ya kiuchumi, na humo ndimo anamoingia mtu aliyejiajiri, yaani wewe mwenye duka. Kifungu cha 14 ndicho cha ukaazi. Kinasema haki ya kukaa wanayo raia wa nchi wanachama waliopokewa kwa mujibu wa kifungu cha 10 na cha 13. Kwa maneno mengine, haki ya kukaa imefungwa kwenye kamba moja na kazi au biashara. Pamoja na mhusika, wanatajwa mwenzi wake, mtoto wake na mtegemezi wake.

Mstaafu hana fungu lake. Tena kifungu hicho hicho cha 14 kinaacha suala la ukaazi wa kudumu mikononi mwa sera na sheria za kila nchi. Kifungu cha 15 kinafanya vivyo hivyo kuhusu ardhi na majengo. Mambo mawili makubwa ambayo mzee anayahitaji, ruhusa ya kukaa bila kufanya kazi na mahali pa kulaza kichwa, yote yamerudishwa kwa nchi moja moja.

Wafanyabiashara wadogo wanaujua utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Jaza cheti, gongewa muhuri, pita. Hakuna utaratibu rahisi wa namna hiyo kwa binadamu anayetaka kuhamia ng'ambo akazeekee huko.

Muhuri si kibali

Chini ya Protokali, raia wa nchi mwanachama anayeingia kama mgeni hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwenda mbele zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2014 raia wao wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Nafuu hizi ni kubwa na zimeokoa pesa nyingi. Lakini kitambulisho kinakuvusha tu, hakikupi makazi. Na hiyo miezi 6 ni kikomo cha juu. Ofisa anaweza kuandika siku chache zaidi, kwa hiyo soma tarehe kabla hujaondoka dirishani.

Wapo wanaoishi kwa mihuri. Muda ukikaribia kwisha wanatoka, wanalala nyumbani usiku mmoja, wanarudi na kugongewa upya. Kwa anayekwenda kununua mzigo na kurudi, hilo ni jambo la kawaida. Kwa mwenye duka lenye mlango na leseni, ni hatari, kwa sababu ruhusa ya mgeni haimruhusu kufanya biashara ya kudumu.

Mazungumzo dirishani huenda hivi:

"Mama, kibali chako kiko wapi?"

"Mwanangu, mimi hapa wananijua tangu soko hili likiwa la mabati."

"Shikamoo mama, nakuamini. Lakini naomba kibali."

Kujulikana na soko zima ni jambo la heshima, ila halina namba ya jalada.

Chukua mfano wa kina mama wawili kutoka Uganda wanaouza upande wa Kenya wa Busia kwa miaka 15. Wa kwanza alichukua kibali cha biashara mapema na kukihuisha kila kilipokaribia kwisha. Wa pili aliendelea kwa mihuri. Sokoni wako sawa, pengine wa pili ana wateja wengi zaidi. Siku wanapotaka kupumzika hapo hapo Busia, wa kwanza ana miaka ya kuonyesha mezani. Wa pili hana hata mmoja.

Kenya: Daraja K na njia ya miaka 7

Kenya ni miongoni mwa nchi za ukanda huu zenye kibali kinachomfaa moja kwa moja mtu aliyeacha kazi. Kinaitwa Daraja K. Masharti yake makuu ni matatu. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 35. Awe na kipato cha uhakika cha kila mwaka kisichopungua dola 24,000 za Marekani, kinachotoka nje ya Kenya, au kwenye mali yake iliyoko Kenya, au kwenye pensheni. Na aahidi kutofanya kazi ya mshahara.

Dola 24,000 kwa mwaka ni dola 2,000 kila mwezi, mvua au jua. Kwa mwenye nyumba kadhaa za kupangisha mjini, au aliyekuwa akichangia mfuko wa pensheni kwa muda mrefu, hilo linawezekana. Kwa mchuuzi wa kawaida ni mlima. Tena faida ya duka ambayo mwezi huu ipo na mwezi ujao haipo ni vigumu kuitetea kama kipato cha uhakika.

Wengi wakiisikia hesabu hiyo hukata tamaa na kurudi kwenye mihuri. Wasikate tamaa, kwa sababu Kenya ina mlango mwingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mtu aliyekuwa na vibali vya kazi kwa miaka isiyopungua 7, na aliyeishi Kenya mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuomba, kuomba ukaazi wa kudumu. Mwenzi wa raia wa Kenya naye anaweza kuomba baada ya ndoa kutimiza miaka 3. Mwenye ukaazi wa kudumu haulizwi tena kama bado anauza.

Mlango huu ndio unaomfaa zaidi mfanyabiashara wa kati, na funguo zake ni vibali vya biashara au kazi alivyochukua akiwa na nguvu. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi, kwa hiyo raia wa nchi hizo anayekimbia kibali kwa kuogopa gharama aulize kwanza ada inayomhusu. Huenda anakimbia deni ambalo halipo.

Baada ya ukaazi kuna uraia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo kuomba kusajiliwa kuwa raia, akitimiza masharti mengine. Aliyeoana na Mkenya kwa miaka 7 naye anaweza kuomba. Kenya inakubali uraia wa nchi mbili. Lakini angalia na upande wa nyumbani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu. Mtanzania anayechukua uraia wa Kenya ili azeeke kwa raha Namanga anaweza kukuta amekuwa mgeni kwao alikozaliwa, kwenye kiwanja cha baba yake.

Tanzania: A ya biashara, C ya mapumziko

Tanzania hutoa vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C linakusanya makundi mengine, kama wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wamisionari na wastaafu.

Mgeni mwenye duka anakaa kwa Daraja A. Akiacha duka, Daraja A halina tena mguu wa kusimamia, maana lilitolewa kwa ajili ya shughuli ile. Anayetaka kubaki kama mstaafu anapaswa kwenda Uhamiaji kuomba Daraja C, akiwa na uthibitisho kwamba ana pesa za kujitunza bila kufanya biashara. Kosa la kawaida ni kungoja kibali cha zamani kife ndipo mtu aende. Nenda kikiwa hai. Mwenye kibali hai anaomba kubadilisha. Ambaye kibali kimekwisha anajieleza kwa nini bado yupo.

Kuna jambo jingine la karibuni. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa agizo linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za rejareja na jumla, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Miongoni mwa adhabu zilizotajwa ni kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Agizo hilo lilizua malalamiko upande wa Kenya, ambako lilionekana kwenda kinyume na Soko la Pamoja. Mwanasiasa atalijadili kwa namna yake. Kwa mwenye duka, fundisho ni kwamba kibali kinachotegemea aina moja ya biashara kinaweza kuyumba hata kabla ya uzee. Usijenge mipango yote ya maisha juu ya leseni ambayo haiko mikononi mwako.

Uganda: cheti cha ukaazi

Uganda hutoa vibali vya kuingia na kufanya shughuli kwa madaraja, na Daraja D ndilo la biashara. Kwa anayefikiria uzee, jambo la kuulizia ni cheti cha ukaazi. Hiki si kibali cha duka. Ni hati ya kukaa kwa muda mrefu, na ipo hata ya maisha. Anayeiomba huangaliwa amekaa nchini kihalali muda gani na ana uhusiano gani na nchi, kwa mfano ndoa na raia. Hapa tena tunarudi kwenye karatasi. Weka pasipoti zako zote za zamani, hata zilizojaa na kukatwa kona. Weka vibali vilivyokwisha, risiti za ada na leseni za kila mwaka. Mtu akikuomba umwazime pasipoti ya zamani iliyojaa ili "akusafishie" mihuri, mkatalie.

Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia kila moja ina sheria yake. Maswali ya kupeleka kwenye ofisi ya uhamiaji ni yale yale: Je, mna kibali cha mtu asiyefanya kazi? Mnataka kipato kiasi gani, na ushahidi wa namna gani? Miaka niliyokaa kwa kibali cha biashara inahesabiwa kwenye ukaazi wa kudumu? Omba jibu kwa maandishi au waraka wenye masharti. Maneno ya dalili wa getini hayahesabiki.

Njia ya familia

Wazee wengi hubaki ng'ambo kupitia watoto. Kijana amepata kazi au amechukua duka, ana kibali chake, na mama anakaa kama mtegemezi. Njia hii ni halali na mara nyingi ni nafuu, maana Protokali yenyewe inamtaja mtegemezi. Lakini uielewe ilivyo. Hati ya mtegemezi inaning'inia kwenye kibali cha mwingine. Kijana akipoteza kazi, akihamia nchi nyingine, au Mungu akimchukua, hati ya mama inatikisika siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mke au mume anayekaa kwa kibali cha mwenzake.

Kwa hiyo familia ikiamua hivyo, iamue kwa kukaa kikao, isiwe kwa kuzoea. Nani ana kibali cha nguvu zaidi? Nani amekaribia kutimiza miaka ya ukaazi wa kudumu? Wakati mwingine baba ndiye aliyebakiza mwaka mmoja tu atimize miaka 7, na familia inamwambia apumzike sasa, akae chini ya kibali cha mwanawe. Mwaka mmoja wa subira ungempa hati yake mwenyewe.

Nyumba ni yako au ni ya shemeji?

Hapa ndipo pesa nyingi za wafanyabiashara wa mpakani zinapopotea. Kibali cha kukaa hakikupi haki ya kumiliki ardhi.

Kenya, kwa kifungu cha 65 cha katiba yake, humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ina masharti ya ziada, maana bodi ya udhibiti wa ardhi hairuhusiwi kuidhinisha ihamishiwe kwa asiye raia. Uganda, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, nayo humpa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99. Tanzania ni kali zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitishwa kwa taratibu za uwekezaji. Nyumba ya kupumzikia haimo.

Wengi hukwepa kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la shemeji, rafiki wa siku nyingi au mchumba. Siku za uhai wa pande zote mbili mambo hutulia. Shemeji akifariki, watoto wake wanakuta hati ina jina la baba yao na hawana habari ya makubaliano ya chini ya mwembe. Mbele ya hakimu, mwenye hati ndiye mwenye kiwanja. Na wewe ukienda kudai, unaanza kwa kukiri kwamba ulinunua kwa njia ambayo sheria haikuruhusu.

Kwa mtu wa miaka 60, ukodishaji ulioandikishwa wa miaka 30 au hata 20 unatosha maisha yake. Si lazima umiliki ili ulale. Mkataba wenye sahihi, mashahidi na usajili unakupa usingizi kuliko hati yenye jina la mwingine.

Pesa yenye karatasi

Kila kibali cha mstaafu kinauliza jambo moja: utakula nini? Jibu linatakiwa liwe na karatasi. Mtaji uliozunguka mkononi kwa miaka 20 bila kupita benki hauonekani, hata kama ulilisha ukoo mzima.

Njia za kuwekeza uzeeni kwa aliyejiajiri zimeongezeka. Kenya ilikuwa na mpango wa Mbao tangu mwaka 2011, uliopewa jina kwa shilingi 20 za kila siku, na mfuko wa NSSF nchini humo una mpango wa Haba Haba kwa waliojiajiri. Rwanda ilizindua Ejo Heza Desemba 2018. Uganda ilirekebisha sheria ya NSSF mwaka 2022 na kufungua mlango wa michango ya hiari. Tanzania nayo, kupitia NSSF, hupokea michango ya waliojiajiri. Chagua mfuko wa nchi unayoweza kuufuatilia ukiwa mzee. Usidhani kwamba michango uliyoweka nchi moja itaunganishwa na ya nchi nyingine. Panga kana kwamba kila mfuko unasimama peke yake.

Kodi ya nyumba nayo ni kipato kizuri cha kuonyesha, mradi iwe na mikataba na ipitie benki. Vyumba vinne vya kupangisha nyumbani kwenu, vyenye wapangaji wanaolipa kwenye akaunti kila mwezi, vina uzito dirishani kuliko stoo iliyojaa mali.

Uliza pia habari za matibabu. Uzee ni hospitali. Ujue kama kibali unachokitaka kinakuruhusu kujiunga na bima ya afya ya nchi ile, au utalipa kama mgeni kila unapougua.

Mpaka ukifungwa

Tumejionea wenyewe. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga karibu kila njia kwa abiria. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Mfanyabiashara aliyekwama anapoteza mzigo. Mzee aliyekwama anaweza kukosa dawa, pensheni na mazishi ya nduguye.

Ndiyo maana wapo wanaochagua njia ya tatu, ambayo haihitaji kibali chochote. Wanajenga upande wao wa mpaka, hatua chache kutoka getini, kwenye ardhi yenye jina lao. Mchana wanavuka kama wageni kusalimia wajukuu na kuangalia duka walilomwachia kijana mwenye kibali, jioni wanarudi kwao. Mpaka ukifungwa, wamefungiwa upande wenye hati yao na bima yao. Kwa mwenye kipato kidogo ambaye hakuwahi kukusanya miaka ya kibali, hii mara nyingi ndiyo hesabu iliyo salama kuliko zote.

Popote utakapokaa, andika wosia. Mali iliyoko nchi mbili hugawanywa kwa taratibu za nchi mbili, na kusafirisha mwili kuvuka mpaka kunahitaji hati za kifo na za afya ambazo familia haitajua pa kuzianzia usiku wa msiba. Onyesha mtu mmoja wa kila upande mahali bahasha ilipo.

Hesabu ya kurudi nyuma

Njia nzuri ya kuchagua ni kuanzia mwisho. Taja umri unaotaka kufunga duka, kisha rudi nyuma. Mwenye kipato cha uhakika cha dola 2,000 kwa mwezi anaweza kuangalia Daraja K la Kenya bila kuhesabu miaka. Anayetaka kupumzika Tanzania aanze kukusanya uthibitisho wa kipato mapema, aombe Daraja C kabla la biashara halijaisha, na ajue atakaa kwenye nyumba ya kupanga. Anayeitazama Uganda akusanye ushahidi wa kila mwaka aliokaa kihalali.

Na mfanyabiashara anayetaka kupumzika Kenya kwa ukaazi wa kudumu akiwa na miaka 60, ambaye hadi leo anaishi kwa mihuri, anahitaji kuwa na kibali chake cha kwanza mkononi kabla hajatimiza miaka 53. Kama umeshafikisha 50, ofisi ya uhamiaji hufunguliwa Jumatatu asubuhi.